Upepo wa Mayo hauna huruma na mgeni

Siku ya kwanza niliondoka kwa baiskeli Westport, mji wa kaunti ya Mayo magharibi mwa Ireland, saa tatu asubuhi nikijidanganya kwamba kilomita 42 mpaka kisiwa cha Achill ni mchezo. Njia yenyewe, Great Western Greenway, haina milima ya kutisha: ni tuta la reli ya zamani iliyofungwa mwaka 1937, na garimoshi halikuumbwa kupanda vilima. Magari hayaruhusiwi. Ningeogopa nini?

Upepo. Unatoka Atlantiki moja kwa moja hadi usoni. Mabaharia wa kwetu Tanga wangeuita pepo za omo na kushusha tanga, ila mimi nilishusha gia tu, nikakanyaga. Nilifika mji mdogo wa Newport, kilomita 12 hivi, mapaja yakiwaka moto. Nikaegesha baiskeli karibu na lile daraja la mawe lenye matao saba, nikala mkate wote wa siku.

Mama mmoja mgahawani aliponiona natetemeka aliniuliza nakwenda wapi. Nilipomjibu alicheka mpaka akaweka birika chini. Akasema wenye akili hupanda gari hadi Achill, halafu hurudi na upepo mgongoni.

Basi kesho yake nikalipia nafasi kwenye gari dogo lenye tela la baiskeli. Toka Achill mpaka kijiji cha Mulranny, kilomita 13, nadhani nilikanyaga nusu tu. Kushoto bahari, kulia nyika ya udongo mweusi ambao watu huukata kama matofali, wakauanika na kuuchoma badala ya kuni. Kondoo wamepakwa rangi mgongoni, bluu au nyekundu, kila mwenye mali na alama yake, nao hulala katikati ya njia kama wameilipia. Kuna mageti pia: unashuka, unafungua, unapita, unafunga. Usisahau kufunga. Mvua ilininyeshea mara tatu, kila mara dakika kumi, kisha jua likatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya Mulranny nikaanza kuona visiwa vya ghuba ya Clew Bay, na ng'ambo yake Croagh Patrick, mlima wa mahujaji wa mita 764, kilele kimejifunika wingu.

Newport nilimpitia yule mama. Hakuniuliza kitu. Alileta chai nzito, ya maziwa kama ya nyumbani, akatazama saa ya ukutani, kisha viatu vyangu.

"Leo umetumia kichwa," akasema.

Kilomita 12 zilizobaki nilizimaliza nikiimba.