Coaster ya kulala, sehemu ya matairi: sensa sita na mwinuko wa Arusha

Kwa anayeanza kusoma leo: gari ni Coaster iliyokuwa ya kubeba wanafunzi. Viti vimeng'olewa, kitanda kipo, jiko la gesi lipo, tangi la maji limefungwa chini ya kitanda. Umeme wa ndani nitauandikia siku nyingine. Leo ni matairi tu, na sensa: vifaa vidogo vinavyopima upepo wa kila tairi na kuurushia skrini ya mbele ya dereva.

Coaster ina matairi sita: mbele moja moja, nyuma mawili mawili kila upande, na huko nyuma ndiko kwenye hatari. Tairi la ndani likiisha upepo, la nje linabeba mzigo wa yote mawili na gari linasimama wima kama kawaida. Usukani haukuambii kitu. Lenye upepo linazidiwa na mzigo, lililolala linajikunja na kujisugua hadi linachemka, na tairi likichemka kiasi hicho linaweza hata kuwaka moto. Utingo wa malori wana dawa yao: gari likisimama tu, anashuka na kipande cha nondo, anagonga tairi moja moja na kusikiliza mlio. Nami nagonga mpaka leo. Lakini nondo inakwambia tairi lina upepo au limelala. Kwamba limeshuka kutoka psi 65 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) hadi 50, hiyo nondo haiijui, na huwezi kugonga tairi ukiwa mwendo wa 80 kati ya Same na Mombo.

Marekani walitunga sheria mwaka 2000, na kuanzia magari ya modeli ya 2008 karibu kila gari jipya dogo lisilozidi kilo 4,536 lazima liwe na mfumo wa kuonya upepo ukipungua. Magari mengi ya kulala yana uzito kupita hapo, ndiyo maana kule wenye nayo hujinunulia seti za kujifungia, na ndiyo maana seti za sensa sita au zaidi zinapatikana. Sisi tunafaidi hapo hapo.

Sensa ziko za namna mbili kuu. Kuna zinazofungwa ndani kwenye rimu, na kuna zinazokaa nje kama kofia ya valvu. Mimi sikuwa na la kuchagua, maana matairi yangu ni 7.00R16 ya tyubu, na sensa ya ndani hukaa kwenye rimu isiyo na tyubu. Nikachukua za kofia. Hizo nazo ziko za aina mbili: fupi, ambayo lazima uifungue kila unapojaza upepo, na ndefu, ambayo unajaza ukipitishia humo humo. Ndefu inavutia, ila ni nzito zaidi, na uzito kwenye ncha ya valvu inayozunguka maelfu ya mara kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, kama ile ya kwenda Natron, siutaki. Nikachukua fupi. Kila moja ina nati ndogo ya kuizuia isichomolewe na wapita njia. Fundi pancha anailalamikia kwa sababu inahitaji spana yake maalumu. Alalamike tu, kofia sita zinazong'aa stendi ya Arusha hazilali salama bila nati.

Jambo la kuangalia kabla ya kununua ni valvu yenyewe. Valvu ya mpira isibebe sensa. Itayumba na kukatika shinani. Zangu ni za shaba na nyuzi za sensa ni za shaba, kwa hiyo haziozeshani. Matairi ya ndani ndiyo yaliyonichukulia muda. Tulifungua wili za nje tukazirudisha valvu ya ndani na ya nje zikiwa pande mbili zinazotazamana, ili mkono ufike kwenye kila moja. Niliuziwa na mipira ya kurefushia valvu nikairudisha, maana kila kiungo unachoongeza ni sehemu nyingine ya upepo kutorokea. Baada ya kufunga, maji ya sabuni kwenye kila valvu. Moja ilitoa mapovu; kile kimpira kilicho ndani ya sensa kilikaa upande, kikabadilishwa, yakaisha.

Sasa kisa chenyewe. Tulijaza 65 kwa geji asubuhi, matairi yakiwa ya baridi. Skrini ikaonyesha 63, zote sita. Fundi akasema ni sensa feki. Lakini feki haziongopi kwa pamoja na kwa kiasi kile kile! Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya upepo wa ndani ya tairi na hewa ya nje. Sensa hizi hupima msukumo wote wa ndani, halafu zinatoa hewa ya nje kwa hesabu ya usawa wa bahari, yaani psi 14.7. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, na hewa ya hapa inasukuma psi 12.4 hivi. Tofauti ni zile mbili na kidogo zilizokosekana kwenye skrini.

Tanga ndiko kulikomaliza ubishi. Alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, geji 65 na skrini 65. Geji haikubadilika kwa sababu joto la pwani liliongeza psi mbili hivi na hewa nzito ya pwani ikazila. Kwa upande mwingine, ukingoni mwa Ngorongoro, kama mita 2,300 na baridi ya alfajiri, skrini ilisoma 61 huku geji ikikaribia 65 ile ile. Mtu aliyeweka kengele ya chini kwenye 62 angeamshwa kila siku bila sababu.

Kwa hiyo nimeweka kengele kwa kufuata namba za skrini hapa nyumbani: ya chini 55, ya juu 78. Ya joto nimeiacha nyuzi 70 ilivyotoka kiwandani, ingawa siitegemei sana. Sensa iko nje, inapigwa na upepo wa barabarani, haijui tairi lenyewe limechemka vipi. Saa nane mchana bonde la Same matairi hupanda hadi 73 au 75, na upande wa jua huzidi kidogo. Usipunguze upepo hapo, hata kama jamaa wa kituo cha mafuta anakushauri. Kesho asubuhi utakuwa umepungukiwa.

Hiyo 65 nayo si ya kuigwa. Gari langu linazidi tani 3.5, kwa hiyo linaingia mizani, na pale Himo nilipata uzito wa kila ekseli: mbele kilo 1,900, nyuma 3,200. Nikalinganisha na jedwali la mtengenezaji wa tairi. Wewe pima lako.

Mawimbi ya sensa za nyuma yalikuwa yanakatika kwa sababu bodi ni bati mita saba. Ripita ndogo, kifaa cha kupokea mawimbi na kuyarusha upya, nyuma ya gari imetatua. Inakubali volti 12 hadi 24, na Coaster hii ni ya 24. Waya wake bado unaning'inia.

Kinachofuata: sensa ya saba kwa ajili ya spea, na kubadilisha tairi la nyuma kulia la ndani. Upepo wake hauna tatizo. Tarakimu nne za mwisho ubavuni zinasoma 1114, wiki ya 11 ya mwaka 2014, na umri sensa haiupimi.