Gatuna ilipofungwa, walioumia ni wachuuzi

Juzi nimevuka mpaka wa Uganda na Rwanda hapo Katuna (upande wa Rwanda ni Gatuna) kwenda Kigali na mzigo wa bandari ya Mombasa, forodhani hakuna usumbufu. Madereva wapya wanaona ni kawaida. Sisi tuliokuwa barabarani 2019 tunakumbuka.

Mwishoni mwa Februari mwaka ule Rwanda ilifunga mpaka huu. Mwanzo tuliambiwa ni ujenzi, malori yazungukie mpaka mwingine wa Mirama Hills na Kagitumba. Kumbe ugomvi ulikuwa mzito: Kigali ikidai raia wake wanakamatwa na kuteswa Uganda na waasi wanasaidiwa, Kampala ikikana na kulalamikia majasusi.

Dereva angalau alikuwa na pa kuzungukia. Mchuuzi wa Kabale aliyezoea kuvusha viazi na ndizi kwa miguu hakuwa napo. Vibanda tulivyokuwa tukila hapo Katuna vilifungwa kimoja baada ya kingine. Mama aliyekuwa akitupikia matoke na maharage alinionyesha daftari la madeni: wateja karibu wote wa ng'ambo, hawezi kuwafuata. Ada za watoto angezitoa wapi?

Mpaka ulifunguliwa tena 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu! Na nchi zote mbili zimo kwenye Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2010. Nataka mkataba wa soko hilo uwe na meno: serikali ikitaka kufunga mpaka, ijieleze kwanza Arusha, makao makuu ya Jumuiya, na wachuuzi waachwe wapite wakubwa wakiendelea kuzungumza.