Bedford Mchangani: Nilipofika Mpaka Sasa

Lori lenyewe ni Bedford MK, gari la jeshi la Waingereza la tani 4, linavuta kwa magurudumu yote manne, injini ya silinda 6 yenye lita 5.4. Likiwa tupu lina tani 5 na ushei. Nililinunua kwa mtu aliyelipata mnadani, kebini nzima na chasi haina ufa. Kazi ninayolitengenezea ni moja tu: kupita mchanga ulio nyuma ya vilima vya Mambrui, kaskazini mwa Malindi, hadi shamba la minazi la mjomba wangu, likiingia na mawe ya kujengea na likitoka na nazi. Malori ya mjini hayafiki huko. Yanaishia penye mivinje, mzigo unashushwa, na kutoka hapo ni migongo ya punda.

MWISHO WA KASKAZI

Ya gereji nitayapitia mbio. Sili za habu (vitovu vya magurudumu) zote zimebadilishwa, oili ya difu (bonge la gia katikati ya ekseli) imemwagwa na kutiwa mpya, pampu ya dizeli imefunguliwa ikasafishwa. Breki ni za oili zinazosaidiwa na upepo, na sasa zinashika sawasawa. Kompresa ya injini iko hai na inajaza tangi lake vizuri. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote, maana mradi huu wote unasimama juu ya upepo wa matairi.

Usiku, baada ya isha, nilikuwa nikisoma na kutazama jinsi wenye malori ya zamani ya jeshi wanavyopita theluji nene huko Skandinavia, Iceland na Marekani. Mtu atauliza, Malindi na theluji wapi na wapi. Mimi nasema hakuna madereva walionifundisha mchanga kuliko wale.

Lori zito likiingia kwenye theluji, tairi huishindilia mpaka ishikane na kubeba uzito. Hapo mambo ni mazuri. Shida huanza theluji ikipita kimo cha ekseli. Bonge la difu linaanza kusukuma theluji mbele yake, theluji inajaa chini ya tumbo, na uzito wa gari unahama kutoka kwenye matairi kwenda kulalia tumbo. Magurudumu yanabaki kuzunguka bila kushika kitu. Ikifika hapo, nguvu za injini hazikusaidii: farasi 100 au farasi 300, wote wanasaga pale pale. Ndiyo maana Unimog, lori la Kijerumani, inapendwa sana na watu wa theluji. Ekseli yake imepandishwa juu ya kitovu cha gurudumu na gia zimewekwa kwenye habu, basi tumbo na difu vinakaa juu zaidi. Bedford yangu haina hilo, na difu zake hazina kufuli. Kilichobaki mkononi mwangu ni matairi.

Wale madereva hupunguza upepo bila woga. Iceland, wenye jipu za matairi mapana hushuka hadi paundi 3 za upepo kwa inchi ya mraba wakipita juu ya barafu ya milimani. Paundi 3 ni kama gramu 200 kwa kila sentimita ya mraba, na hata mguu wa mtu aliyesimama hukandamiza ardhi zaidi ya hapo. Malori mazito hayashuki mpaka huko, ila kanuni ni ile ile.

Na kuna jambo lililonigusa zaidi, mimi mtu wa pwani. Marekani walipounda lori la kuogelea la DUKW mwaka 1942, walitaka gari linalotoka baharini na kupanda ufukwe bila kuzama. Wakampa dereva uwezo wa kupunguza na kuongeza upepo wa matairi akiwa amekaa kwenye usukani, gari likienda. Warusi nao wakaja na ZIL-157 mwaka 1958, baadaye ZIL-131, dereva anacheza na upepo kutoka kebini, kwa ajili ya matope na theluji yao. Kwa hiyo ujuzi huu wanaoutumia leo kwenye baridi kali ulipita kwanza kwenye mchanga wa ufukweni. Mimi naurudisha tu.

MVUA ZA MWAKA

Barabara zilikuwa matope, nikatumia nafasi hiyo kupima unyayo wa tairi. Hesabu yake si ngumu. Gari la tani 5 likisimama kwa matairi manne, kila moja linabeba kilo 1,250 hivi. Ukiwa na paundi 70, kila sentimita ya mraba inabeba karibu kilo 5, kwa hiyo tairi linahitaji kugusa ardhi kwa sentimita za mraba 250 tu. Shuka hadi paundi 25, na unyayo unaotakiwa unapita 700. Mchanga ule ule, gari lile lile, lakini kila sehemu ya mchanga inabeba mzigo usiofika hata nusu ya ule wa mwanzo.

Hiyo ni hesabu ya karatasi, na tairi la kweli halifuati karatasi sawasawa, kwa sababu mbavu zake nazo hubeba uzito. Matairi yangu ni ya nailoni, mbavu ngumu. Basi tulipiga jeki gurudumu la mbele, tukapaka meno ya tairi chokaa ya maji, tukalishusha juu ya katoni iliyotandikwa kwenye sakafu ya saruji. Tukarudia kwa upepo mdogo, katoni nyingine. Tulipoziweka pamoja ilionekana wazi: upana wa unyayo haukusogea sana, ila urefu uliongezeka mno. Meno yaliyogusa katoni ya kwanza ni machache, na kingo zake zilikuwa kali. Kwenye ya pili yalijipanga safu ndefu, na yale ya pembeni ambayo mwanzo hayakuacha alama yakatoka yote. Fundi wa tairi alizitazama zile katoni kwa muda, kisha akasema, "Sasa nimeona. Linatembea kama mkanda wa tingatinga." Ndivyo hasa. Tairi lililopungua upepo halipanuki, linarefuka, na urefu huo ndio unaolipandisha juu ya mchanga badala ya kulichimbisha.

Wasiwasi wake ulikuwa mwingine, na ni wasiwasi wa haki. "Lakini mjomba, matairi haya yana chubu ndani. Upepo ukiwa mdogo na wewe ukakanyaga mafuta kwa nguvu, rimu itazunguka na tairi libaki. Chubu itafuata tairi, na shingo ya valvu itakatika." Wanaotumia matairi ya chubu kwenye theluji wanaijua hatari hiyo pia. Dawa yake ni rangi. Tumechora mstari mweupe kutoka kwenye rimu hadi kwenye shavu la tairi, magurudumu yote manne. Kila nikisimama nashuka na kutazama: mstari ukiwa umenyooka, kila kitu kiko sawa. Ukivunjika hata kwa upana wa kidole, tairi limeanza kuteleza kwenye rimu, na ni lazima kuongeza upepo kabla ya kusogea tena.

Jirani mmoja alishauri minyororo, kwa kuwa ameona magari ya theluji yamefungwa minyororo. Minyororo ni ya barafu na theluji iliyoshindiliwa, mahali ambapo tairi linateleza juu. Kwenye kitu kilicholegea kama mchanga mkavu, mnyororo ni jembe. Sitafunga.

KUSI

Tumeingia mchangani. Tulivuka daraja la Sabaki alfajiri, mto ukiwa mwekundu kwa udongo wa bara, tukafika kwenye mivinje kabla jua halijachomoza sawasawa. Hapo tukashusha upepo hadi paundi 25, tukaunga ekseli ya mbele, gia nzito, tukaanza.

Alfajiri ina sababu yake, na hapa ndipo theluji na mchanga vinapoachana. Theluji ikishindiliwa hushikana, chembe zake hugandana, na njia iliyopitwa leo kesho huwa ngumu. Kwa hiyo dereva wa theluji hupiga mbele mpaka gari linapolegea, anarudi nyuma ndani ya njia yake, anapiga tena, na kila akirudi anapata hatua zaidi. Mchanga mkavu haushikani hata ukiukanyaga mwaka mzima. Kinachoushikanisha ni maji peke yake: umande, mvua, au bahari. Asubuhi una unyevu kidogo chini ya ngozi ya juu, saa sita mchana umekuwa unga. Njia tuliyopita asubuhi bila taabu, mchana lori liliomba gia ya chini zaidi na bado likawa linanung'unika.

Hata hivyo ile adabu ya kurudi nyuma mapema inafanya kazi pande zote mbili, na kwangu ndiyo mafunzo makubwa ya mradi mzima. Gari likianza kulegea, toa mguu kwenye mafuta. Usisubiri magurudumu yasimame, na usiongeze mafuta ukitumaini. Kwenye mpando wa pili, ule mrefu, lori lilipunguza mwendo na nikahisi sehemu ya nyuma inaanza kushuka. Nilitoa mguu, nikaliacha litulie, nikatia gia ya nyuma, likateremka ndani ya alama zake kama halikuwahi kupanda. Mjomba aliyekuwa chini na sepetu begani akaniambia, "Mwanangu, mbona umeacha, lilikuwa linakwenda!" Nikamwita aje aone shimo: halikufika kiganja. Ningeng'ang'ania kidogo tu, difu ingekaa mchangani na asubuhi yetu yote ingekwisha kwa kuchimba. Tulishusha hadi paundi 20, nikaanzia mbali zaidi, nikapanda kwa mwendo mmoja usiobadilika. Lilipita. Mistari ya rangi ilikuwa imenyooka.

Pia baridi yao na joto letu ni vita viwili tofauti. Wao dizeli huwagandia nta kwenye chujio. Sisi ni radieta. Tukielekea kaskazini wakati wa kusi, upepo unatoka nyuma na kukimbia pamoja na gari, hakuna hewa mpya inayoingia mbele, na gia nzito inaifanya injini izunguke sana kwa mwendo wa kobe. Sindano ya joto ilipanda njia nzima ya kwenda. Tukirudi, upepo usoni, ilishuka yenyewe. Feni nitaiwekea kizingio cha bati ili ivute hewa yote kupitia radieta.

Wengi wameniuliza kwa nini tusipite ufukweni, maji yakipwa, mchanga mgumu kama lami. Siku za bamvua kweli maji yanatoka mbali na njia inakuwa pana. Lakini yanarudi kwa kasi ile ile, maji ya chumvi yanaingia kwenye dramu za breki na habu, na juu ya mstari wa maji ndipo kasa wanapotaga. Tani 5 juu ya kiota cha kasa, hapana. Njia yetu ni ya nyuma ya vilima.

KINACHOFUATA

Kupunguza upepo ni dakika chache, kuurudisha ndiyo kazi. Huwezi kurudi lami na paundi 20, mbavu za tairi zitapata moto mpaka zipasuke. Kompresa ya Bedford inatosha lakini inachukua muda, kwa hiyo natengeneza mpira wa upepo wenye vichwa vinne, ujaze magurudumu yote kwa pamoja na geji moja. Kisha mawe. Lori likiwa na tani 2 mgongoni, matairi ya nyuma yatahitaji upepo zaidi kuliko ya mbele, na kiasi gani sitakikisia: tutapaka chokaa tena, tutandike katoni, nyuma na mbele, kabla jiwe lolote halijavuka mivinje.