Luzu ya Pili

Wapendwa, Bwana asifiwe. Neno letu la juma hili ni Waamuzi 1:22-26. Ni aya tano tu, na wengi huzipita mbio kwa sababu sura yote imejaa vita na majina ya miji.

Nyumba ya Yusufu, yaani kabila za Efraimu na Manase, ilipokwenda kuupiga Luzu, mji wa Wakanaani, wapelelezi walimwona mtu akitoka mjini. Wakamwomba awaonyeshe njia ya kuingia, wakamwahidi wema. Akawaonyesha. Mji ukapigwa kwa upanga, yeye na jamaa yake wakaachwa waende zao. Akaenda nchi ya Wahiti, akajenga mji, akauita Luzu.

Luzu ni mlozi kwa Kiebrania, na neno hilo ni ndugu wa lile la Kiarabu lililotupa sisi lozi. Jirani na mji huo Yakobo alilala kichwa kikiwa juu ya jiwe, akaota ngazi, akapaita mahali pale Betheli, Nyumba ya Mungu (Mwanzo 28:19). Yoshua 16:2 hutaja mpaka unaotoka Betheli kwenda Luzu, kwa hiyo inaelekea mwanzoni palikuwa na sehemu mbili, mahali pa ibada na mji wa jirani, kisha jina la mahali pa ibada likaumeza mji. Wala halikuumeza mara moja. Katika Mwanzo 48:3 Yakobo ni mzee, yu mgonjwa huko Misri, na bado anasema Mungu alimtokea Luzu.

Sisi wa kandokando ya ziwa tunalielewa hilo. Mwingereza Speke alilifikia ziwa hili mwaka 1858 akaliita Victoria, jina la malkia wake, lakini jina nyanza, yaani ziwa, halikutoka midomoni mwa watu, na Mwanza yenyewe hutajwa kuwa imepata jina lake humo. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kituo kiliitwa Port Florence. Leo ni Kisumu tena. Mfugaji anayehama na ng'ombe wake, akafungua makazi mapya na kuyapa jina la alikotoka, hatendi dhambi. Anawakumbuka wazee wake.

Kwa mtu wa Luzu kuna jambo zito zaidi. Mlinganisheni na Rahabu, yule mwanamke wa Yeriko. Wote wawili waliwasaidia wapelelezi, wote waliahidiwa wema, wote waliokolewa pamoja na jamaa zao. Ila Rahabu alikiri kwamba BWANA ndiye Mungu mbinguni juu na duniani chini (Yoshua 2:11), akakaa kati ya Israeli, na Mathayo 1:5 inamtaja katika ukoo wa Yesu. Mtu wa Luzu alipokea rehema ileile, kisha akaenda kuyaanzisha upya yaleyale aliyookolewa kutoka kwayo. Hakuandikiwa hata neno moja la kumkiri Mungu. Jina la mji wake limo katika Maandiko, lake halimo.

Wala waliobaki Betheli wasijisifu. Mfalme Yeroboamu wa Israeli aliweka ndama wa dhahabu palepale (1 Wafalme 12:29), sadaka zikaendelea, mji ukaendelea kuitwa Nyumba ya Mungu. Nabii Hosea akaubeza kwa jina jingine. Kwake ukawa Beth-aveni, nyumba ya uovu. Nasi tunajenga makanisa juu ya miamba ya Mwanza hadi visiwani Ukerewe, tukiyaita Betheli, Sayuni, Antiokia. Ni majina mema. Lakini kabla ya kuandika kibao, wazee wa kanisa wasome habari yote ya mahali hapo. Anayechagua Antiokia aamue kwanza ni ipi: ya Shamu, walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza (Matendo 11:26), au ya Pisidia, walikofukuzwa Paulo na Barnaba (Matendo 13:50).

Kwenye ibada za nyumbani, someni Waamuzi 1:22-26 na Yoshua 2 usiku mmoja. Zikigawanywa siku mbili, watu husahau ya kwanza na tofauti haionekani. Usiku wa pili ni Mwanzo 35:1-7. Tulieni kwenye aya ya 2 hadi ya 4. Mungu amemwambia Yakobo apande kwenda Betheli, naye, kabla hawajafunga mizigo, anawaambia watu wa nyumba yake waondoe miungu migeni, wajitakase, wabadili nguo. Wakampa miungu yote waliyokuwa nayo, na pete za masikioni mwao. Akavifukia chini ya mwaloni wa Shekemu, ndipo wakasafiri.