Siku gunia la Mlenda lilipoanguka

Saa 11:10 alfajiri

Mwezi wa nane hapa Dodoma huhitaji kengele ya simu. Upepo unagonga bati, vumbi linapita chini ya mlango, na ukiamka unatafuna mchanga. Nimekunywa chai ya rangi na kiporo cha wali. Mezani kuna kopo la rangi la lita 4, la kujengea bustani ya gunia na darasa langu la nne leo. Mume wangu alilikata kitako jana usiku, kisha akazigonga kingo kwa nyundo zisije zikakata vidole vya watoto wa watu, huku akiuliza kama serikali inajua walimu wanafanya kazi za mafundi bati.

Saa 12:20

Nimepanda bodaboda, kopo mapajani, furushi la mbegu za mchicha kwenye mkoba. Dereva kaniuliza kama nimeacha ualimu nimeingia kwenye rangi.

Saa 1:00

Nina zamu wiki hii, kwa hiyo paredi ni yangu. Watoto wamepanga mstari, kila mmoja na kidumu chake cha maji, maana kiangazi hiki bila vidumu hakuna bustani. "Shikamoo mwalimu!" kwa sauti moja, nami naitikia nikiwa tayari nahesabu vichwa vya darasa la nne. Wameandikishwa 72, leo wapo 66. Kucha zao sikukagua. Zinakwenda kuchafuka.

Ukuta wa darasa letu umeandikwa UMOJA NI NGUVU kwa rangi ya bluu tangu kabla sijahamia shule hii. Nimekuwa nikiyatazama maandishi hayo miaka mingi, na bado nasubiri siku ukuta utakaponyanyua ndoo.

Saa 2:00 hadi saa 4:00

Kiswahili, kisha Hisabati. Kwenye Hisabati tumepima sentimita 15, nafasi ya matundu ya mboga kwenye gunia, kwa rula, kwenye daftari, kwenye dawati, kwenye mkono wa jirani. Mmoja amegundua shubiri yake ni sentimita 15 kasoro kidogo, na sasa wote wanapima kwa shubiri, rula zimetupwa. Sawa tu. Bustanini rula hupotea, mkono haupotei.

Kabla ya uji, mwalimu wa taaluma kanisimamisha barazani. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ni Oktoba, anasema, na wewe unawatoa watoto nje kucheza na udongo. Ana hoja, matokeo yakija, yeye ndiye atakayeulizwa. Nikamwambia mada ya udongo na mimea imo kwenye Sayansi, na vipindi ninavyotumia ni vyangu viwili vilivyofuatana, dakika 80. Akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Saa 4:30

Sasa kazi yenyewe. Bustani ya gunia wengi mmeiona viwanja vya Nzuguni wakati wa Nanenane, imesimama imejaa mboga pande zote, ukadhani ni gunia la udongo tu. Siyo. Katikati lazima kuwe na nguzo ya mawe kutoka chini mpaka juu, la sivyo maji yanabaki juu, mboga za juu zinazama na za chini zinakauka. Nguzo hiyo ndiyo kazi ya kopo. Unakunja mdomo wa gunia mpaka karibu na ardhi, unasimamisha kopo katikati, unajaza mawe ndani ya kopo na udongo wenye samadi nje yake, unashindilia, ndipo unavuta kopo polepole likipanda, mawe yanabaki. Unakunjua gunia kidogo, unaanza tena. Mara sita au saba hivi mpaka lijae.

Mtoto mmoja hawezi. Wala mtu mzima peke yake hawezi, nilijaribu nyumbani nikaishia kukaa chini. Nikagawa makundi sita ya watoto 11: wawili wa kopo, wawili wa mdomo wa gunia, wanne wa udongo, watatu wa mawe. Majina wamejichagulia wenyewe. Nilikataza Simba na Yanga baada ya ngumi za wiki iliyopita, kwa hiyo tuna Mchicha, Bamia, Figiri, Chainizi, Matembele na Mlenda. Makopo mengine matano yameletwa na wazazi, na moja kati yake ni la maziwa ya unga, dogo, lakini watoto wa Figiri wamelipenda hivyo hivyo.

Saa 5:05

Mlenda walitaka kuwa wa kwanza. Wakaona kukunjua gunia kidogo kidogo ni kupoteza muda, wakalikunjua lote mara moja, likasimama kama suruali isiyo na mtu. Wa mawe wakamwaga kwa mbali kama wanatupia mbwa. Wa kopo wakalivuta kopo udongo ukiwa bado haujashindiliwa. Mimi nimesimama hatua nne tu, naona kila kitu.

Likalala upande. Taratibu kabisa, kama mzee anayejiegemeza kwenye mkeka. Mawe, samadi, udongo, vyote vikawa kitu kimoja.

Mwalimu wa mazoezi, kijana wa chuo aliye nasi kwa wiki hizi, alikuwa ameshachomoka kwenda kulinyanyua. Nikamshika shati. "Waache." Akaniangalia kama mtu mwenye roho mbaya. Ukweli ni kwamba mikono yangu mwenyewe nilikuwa nimeifunga mgongoni, vidole vinauma. Mimi nafundisha mwaka wa kumi na nne na bado hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote: kusimama pale unajua tatizo liko wapi, na unanyamaza.

Kwanza likaja la kulaumiana. "Wewe ndiye umevuta!" "Nani kasema nivute?" Mvulana tunayemwita Fundi, kwa sababu anatengeneza magari ya waya, akatupa kopo na kwenda kukaa chini ya mwarobaini, uso kwenye magoti. Dakika kama tatu hivi hakuna kilichofanyika. Makundi mengine yanacheka.

Kisha binti mmoja, ambaye tangu Januari sijamwona akinyoosha kidole darasani, akachuchumaa. Akaanza kuokota mawe kwenye udongo, moja moja, anayapangusa kwenye sketi, anayaweka kwenye beseni. Hakumwambia mtu kitu. Mwenzake akamwangalia, akachuchumaa. Wakawa wanne. Ilikuwa kazi ya kuchosha, mawe madogo yamejificha kwenye samadi, na nilimwona akiyagawa upya: makubwa huku, madogo kule. Hilo sikuwafundisha.

Nikawauliza swali moja tu: gunia la Bamia limesimama kwa nini?

Wakatuma wawili kwenda kuangalia. Bamia wakalizunguka gunia lao kama askari. "Mnatuibia!" Mlenda wakabembeleza. Kiongozi wa Bamia, mtoto wa mama muuza vitumbua na amemrithi mama yake sawasawa, akataja bei: vidumu viwili vya maji ndipo waonyeshwe. Mlenda wakasema kimoja. Wakakubaliana kimoja na nusu, na nusu ikapimwa kwa jicho mbele ya mashahidi. Ndipo wakaelezwa habari ya kukunja mdomo. Nilichokuwa nimekieleza mimi mara mbili ubaoni, kwa mchoro, wamekinunua kwa kidumu kimoja na nusu na sasa hawatakisahau.

Fundi alirudi mwenyewe. Hakuomba msamaha, alichukua kopo, akasema, "Safari hii nikisema moja mbili tatu ndo tunavuta." Wakavuta kwa kuhesabu.

Saa 5:50

Kengele. Makundi matano yamemaliza. Mlenda wamefika nusu, na nusu yenyewe imeegemea upande wa Kondoa. Wakaniomba kuendelea, nikasema hapana, kuna Kiingereza. Walinuna kweli.

Saa 7:30 mchana

Makande shuleni, kwa wale ambao wazazi wamechangia. Wengine wanakaa kivulini. Hili nalipita haraka kwa sababu nikilianza sitamaliza leo.

Saa 8:40

Ofisini, kusahihisha. Tulipokuwa wanafunzi sisi tulilima sana. Shule zilikuwa na mashamba, urithi wa Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Kila mtu alipewa ngwe yake, ukichelewa kumaliza unaongezewa, na aliyeulizwa kwa nini tunapanda hivi na si vile sikumwona. Nilijua kushika jembe kabla ya kujua kalamu. Kumsaidia jirani kwenye ngwe yake kuliitwa utoro.

Saa 9:50

Nimetoka kufunga stoo nikakuta watoto wanane wa Mlenda nyuma ya darasa. Mzee mlinzi, watoto wanamwita Babu, amesimama na funguo za geti analalamika kwamba anataka kwenda kuswali alasiri. Binti yule mkimya akamwambia, "Babu shika hapa kidogo tu." Babu akaweka funguo mfukoni, akashika mdomo wa gunia.

Lilijaa saa 10 na robo. Bado limeinama. Wamelifunga kwa kipande cha khanga kwenye mwarobaini.

Saa 3:00 usiku

Andalio la somo. Sehemu ya tathmini ina mistari mitatu tu. Nimeandika: Makundi 6 yamekamilisha. Kesho kutoboa matundu kwa kupishana, sentimita 15, na kusia mchicha. Gunia la Mlenda lichunguzwe asubuhi kama bado limesimama. Upepo umeanza tena.