Usiku wa kungoja Nix isafishe diski

Hii ilikuwa 2019, nikiishi bedsita moja Umoja, na lapi yangu ilikuwa ile ex-UK, mtumba ya kutoka Uingereza, ya Luthuli Avenue, diski ya kuzunguka wala si SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Ndani nilikuwa nimeweka Nix, programu ya kuinstoli na kupanga programu zingine (pakeji), juu nilichoka na matoleo ya programu kugongana. Raha ya Nix ni kwamba ukiapgredi kitu ile ya zamani haifutwi, inakaa tu ndani ya folda ya /nix/store, mambo yakiharibika unarudi nyuma. Sasa hiyo yote inakula nafasi, mpaka usiku mmoja, demo ya klayenti wa Westlands ni kesho asubuhi, bildi, yaani kuunda programu yenyewe kutoka kwa kodi, ikakataa. Diski imejaa.

Nikapiga nix-collect-garbage -d, amri ya kufuta matoleo ya zamani. Majina ya pakeji yakaanza kuteremka kwa skrini mbio mbio, nikajua nikimaliza chai nayo imemaliza. Wapi! Ilipofika pale pa kufuta linki zisizotumika ikanyamaza kabisa, unasikia tu diski, krrr krrr krrr.

Jamaa niliyekuwa nakaa naye akaamka. "Buda, hiyo imehang, zima uanze upya."

Nikamwambia aachane nayo. Nilikuwa nimewasha ile seting ya kuunganisha faili zinazofanana zisikae mara mbili, so kila faili ina jina lingine, ndiyo linki yenyewe, ndani ya folda ya .links, na Nix ikisafisha inapitia hiyo folda faili moja moja ikiangalia kama kuna pakeji bado inaitumia, vile keateka anabisha kila mlango wa ploti kuuliza nani bado anakaa hapa. Na faili zilikuwa malaki, kichwa cha diski kinarukaruka kutafuta habari za kila moja. Ukizima, ikirudi inabisha upya kuanzia mlango wa kwanza.

"Si ubildi tu ikiendelea?"

Nikafungua terminali ingine nikamwonyesha, bildi imekaa ikisema inangoja kufuli kubwa la usafishaji, yaani haianzi mpaka kusafisha kuishe. Hapo ndipo nilikasirika kwa kweli, kwa sababu nafasi kubwa ilikuwa ishapatikana, pakeji zishatoka, halafu nimefungiwa nje na kuhesabu linki!

Kidogo mita ya stima ikaanza kuwaka nyekundu. Na betri za ex-UK si mnazijua, chomoa chaja uone. Nikanunua tokeni ya 50 bob kwa M-Pesa, nikasimama hapo mlangoni tochi ya simu mdomoni... hapana, simu ndiyo ilikuwa na tokeni, jamaa ndiye alinimulikia nikibonyeza zile namba 20.

Saa tisa usiku ikamaliza. Bildi ikashika, na demo ikaenda poa, ingawa nilipiga miayo mbele ya klayenti.

Mwisho wa 2021 Nix 2.5 ikatoka, na humo kusafisha hakuzuii tena bildi mpya. Nikamtumia jamaa hiyo habari, akajibu tu, "Na SSD ulinunua?" Nilikuwa nishanunua kitambo.