Marko, jioni kwa jioni, na Bibi

Wiki hii tumemaliza Injili ya Marko, mimi na Bibi. Ni sura 16 tu, mtu akitulia anaimaliza kwa chini ya saa mbili. Sisi tulisoma sura moja au nusu yake kila jioni, baada ya chakula na kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ambayo Bibi haikosi.

Bibi ana presha ya macho. Mwanga wa dirisha anauona, kivuli cha mtu mlangoni anakiona, herufi basi tena. Biblia yake ni ile ya Muungano, tafsiri ya mwaka 1952, jalada jeusi, kurasa za Zaburi zimelegea kwa kufunguliwa. Tangu tumlete hapa Kimara, Dar es Salaam, kutoka Muheza inalala kando ya mto wake. Mimi ninayo Habari Njema kwenye simu, Kiswahili chake ni chepesi zaidi, lakini Bibi hataki. Maneno ya Muungano ndiyo aliyoyashika kichwani tangu utotoni, na nikiruka neno ananirudisha.

Na si maneno tu. Ananirudisha kwenye mambo ambayo mimi ningeyapita. Sura ya 5, binti Yairo, mtoto wa miaka 12, ameinuka, watu wameshikwa na mshangao, na Yesu anaagiza apewe chakula. Nilikuwa nimeshaanza sura ya 6.

"Ngoja kwanza, mama. Walimpa nini?"

Nikamwambia haikuandikwa. Akafikiri.

"Uji. Mtoto akitoka kuumwa anaanza na uji." Halafu akasema taratibu kwamba wote mle ndani walikuwa wanaushangaa muujiza, ila yeye mwenyewe aliyeufanya ndiye aliyekumbuka kuwa mtoto ana njaa. Jioni ile hatukuendelea.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya binti Yairo, na mengi yalikuwa mazuri. Lakini usiku ule nililala nikimfikiria Yesu kama mtu mwenye tabia zake. Anakumbuka chakula cha mtoto. Analala juu ya mto katika shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, huku dhoruba inakipiga. Anawaambia wanafunzi waliokosa hata nafasi ya kula, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Naamini ukaribu na Mungu huanzia hapo. Mstari wa asubuhi unaotumwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu ni kitu chema, nami huusoma na kuitikia amina. Ila mtu humjui kwa sentensi moja moja. Unakaa naye.

Sura ya 10 niliiogopa. Nilijua mwisho wake kuna Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia pale Yeriko, na nilijua nitamsomea mtu ambaye daktari ameshamwambia kwamba kilichopotea hakirudi. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, nimeshika tochi ya simu kwa mkono mmoja na Biblia kwa mwingine. Nikasoma bila kuinua macho. Watu wanamkemea anyamaze, naye anazidi kupaza sauti. Anatupa vazi lake, anaruka, anamwendea Yesu. "Wataka nikufanyie nini?"

Bibi akanishika mkono.

"Kwani hakuona kuwa ni kipofu?"

"Aliona, Bibi."

"Na bado anamuuliza." Akanyamaza kidogo. "Haya, malizia."

Nilipomaliza akaniambia nifunge kitabu nimwache peke yake, maana na yeye ana la kujibu.

Nikatoka barazani. Alichomwambia Mungu ni chao wawili. Ninachojua ni kwamba taarifa ya habari ilipita bila kuulizia redio yake ya betri, na kwamba asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba, macho yakiwa vilevile, aliniambia hivi: "Miaka yote nimekuwa nampelekea shida zangu. Jana nimeulizwa."

Swali hilo limo mara mbili katika sura hiyo. Kabla ya Bartimayo, Yakobo na Yohana wanaulizwa vilevile, nao wanaomba kuketi kuume na kushoto kwake katika utukufu. Mmoja anaomba macho, wawili wanaomba viti. Nilikuwa nalo kichwani kwenye basi la mwendokasi, nimebanwa katikati ya watu, kutoka Kimara Mwisho hadi Msimbazi. Ningeulizwa mimi je? Kupandishwa daraja kazini kulikuja kwanza, kisha kiwanja, na si dhambi kuviomba. Lakini kufikia Magomeni nilikuwa nimefika kwa mdogo wangu, ambaye hatusemezani tangu mambo ya urithi, na huyo ndiye niliyemwombea nikitembea kuingia Kariakoo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia achukue kitabu kimoja kifupi na akisome kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu mwingine. Kwa karne nyingi Wakristo walio wengi waliyapokea Maandiko kwa masikio. Na Neno likikuuliza kitu, usikimbilie sura inayofuata ili utimize ratiba. Funga kitabu, ujibu.

Jana tulifika mwisho. Nilimweleza Bibi kwamba nakala za kale za karne ya 4 zinaishia mstari wa 8 wa sura ya 16, wanawake wanakimbia kutoka kaburini, wala hawakumwambia mtu neno, maana waliogopa.

"Waliogopa, lakini baadaye walisema," akajibu. "La sivyo wewe na mimi tungejuaje?"

Kitabu kinachofuata amekichagua yeye: Ayubu. Nikamwambia kina sura 42 na huzuni nyingi. Amesema huyo naye ana maswali, anataka kuyasikia yote.